Kelele kwenye spika ya Bluetooth uliyojiundia: zinatoka wapi na zinaondolewaje

Siku hizi si ajabu kukuta kijana wa Kaloleni, Ngaramtoni au Kikatiti aliyejiundia spika ya Bluetooth kwa mikono yake. Kasha la mbao au ndoo ya plastiki, spika mbili zilizotolewa kwenye redio mbovu ya gari, bodi ya Bluetooth yenye tundu la flashi na memori kadi, bodi ndogo ya amplifaya, na betri iliyobaki kwenye mfumo wa sola au seli za laptop iliyokufa. Anaunganisha, anawasha, muziki unapiga. Kisha wimbo unakwisha, na katika ule ukimya anasikia kitu kingine: mluzi mwembamba, mchachato, au mvumo usiokoma.

Hatua inayofuata huwa ni kurudi dukani kununua amplifaya kubwa zaidi. Kelele inabaki palepale, na mara nyingine inaongezeka, kwa sababu amplifaya haijui kipi ni muziki na kipi ni kelele. Inakuza chochote inachopewa. Pesa imekwenda na tatizo lipo.

Kwa anayepiga muziki tu, anaweza kuvumilia. Muziki huficha kelele. Maneno hayafichi, kwa kuwa kila anayezungumza huvuta pumzi, na kelele huingia katika kila nafasi. Kama spika hiyo inatumika kwenye kikundi cha VICOBA, kanisani, msikitini, au watu wanakusanyika kuisikiliza redio, basi kelele ni jambo zito. Kipimo cha dawa ya kupulizia nyanya kwa pampu ya lita 20 ni tarakimu moja tu. Ikimezwa na mchachato, aliyekaa nyuma atakwenda shambani na kipimo cha kubahatisha.

Habari njema ni kwamba kelele nyingi za spika hizi hazitoki kwenye kifaa kibovu. Zinatoka kwenye jinsi nyaya za umeme zilivyofungwa. Ndiyo maana kubadilisha vifaa hakusaidii.

Sikiliza kabla ya kufungua

Usikimbilie bisibisi. Kaa na spika mahali penye utulivu, iwashe bila kupiga wimbo wowote, na ujibu maswali machache.

Je, kelele inapanda na kushuka unapozungusha kitufe cha sauti cha amplifaya? Kama inafuata kitufe, basi inaingia kabla ya kitufe hicho, yaani inatoka kwenye bodi ya Bluetooth au kwenye nyaya zinazoleta sauti. Kama haibadiliki hata ukizima sauti kabisa, inaingia baada ya kitufe: kwenye amplifaya yenyewe au kwenye umeme unaoilisha. Baadhi ya bodi za amplifaya hazina kitufe, na sauti hupunguzwa kwenye simu tu. Kwa hizo jaribio hili halifanyi kazi.

Je, kelele ipo unapochomoa waya za sauti zinazotoka kwenye bodi ya Bluetooth? Zima kwanza, chomoa waya hizo kwenye amplifaya, kisha unganisha kila mlango wa sauti wa amplifaya na grauni yake kwa kipande kifupi cha waya, halafu washa. Spika ikinyamaza kabisa, amplifaya yako ni nzima na hupaswi kununua nyingine. Jaribio hili moja linaokoa pesa kuliko mengine yote katika makala hii.

Je, kelele huwepo wakati wote, au ni pale tu unapochaji? Au pale simu fulani ikiwa jirani? Majibu haya yatakupeleka kwenye sehemu inayokuhusu hapa chini.

Mluzi na mchachato wa Bluetooth: ugomvi wa mfereji mmoja

Hii ndiyo kelele ya kawaida kuliko zote. Husikika kama mluzi mwembamba unaobadilikabadilika, au kama wadudu wanaotafuna ndani ya kasha. Mara nyingi hubadilika Bluetooth inapotafuta simu, inapounganishwa, na inapoanza kupiga wimbo. Ukiona inabadilika hivyo, umeshampata mhusika.

Bodi ya Bluetooth ni kompyuta ndogo yenye redio ndani yake. Inarusha na kupokea mawimbi ya karibu gigahezi 2.4, na huruka kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine hadi mara 1,600 kwa sekunde. Kwa hiyo haili umeme polepole kama taa. Inakula kwa midomo midogo midogo: inavuta, inaacha, inavuta, inaacha. Masikio yako hayasikii gigahezi 2.4, lakini huo uvutaji wa umeme kwa mapigo uko ndani ya masafa ambayo sikio linasikia.

Wakulima wa miteremko ya Meru wataelewa haraka sehemu inayofuata. Fikiria mfereji mmoja mwembamba unaohudumia mashamba mawili. Jirani yako anafungua na kufunga mlango wake wa maji kila mara. Wewe hujagusa kitu, lakini kina cha maji mbele ya shamba lako kinapanda na kushuka kwa sababu yake. Waya wa hasi unaotoka kwenye betri, ambao mafundi huuita grauni, ndio mfereji huo. Kama bodi ya Bluetooth na amplifaya zinatumia waya mmoja mwembamba kurudi kwenye betri, kila Bluetooth inapovuta umeme, kiwango cha grauni kinacheza. Amplifaya hupima sauti kwa kulinganisha na grauni. Grauni ikicheza, amplifaya inadhani ni sauti, na inaikuza.

Ukubwa wa tatizo unaweza kupigiwa hesabu. Waya mwembamba na maungio yake vikiwa na ukinzani wa omu 0.1, na bodi ikivuta mapigo ya miliampea 50, grauni itacheza kwa milivolti 5. Ni kidogo sana. Lakini bodi nyingi za amplifaya hukuza mara 20 au zaidi, hivyo milivolti 5 inatoka kwenye spika ikiwa volti 0.1. Katika chumba kimya utaisikia vizuri kabisa.

Redio za zamani hazikuwa na ugonjwa huu. Zile za Philips zilizokuwa zikiunganishwa hapahapa Arusha, katika eneo ambalo makondakta hadi leo wanaliita Philips, zilikula betri kavu na hazikuwa na kompyuta yoyote ndani inayovuta umeme kwa mapigo. Kwa hiyo mzee akikuambia redio yake haikuwahi kupiga mluzi, hasemi uongo.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi: azima pauabenki. Kama bodi yako ya Bluetooth inatumia volti 5, ondoa waya wake wa umeme kwenye betri ya spika, wa chanya na wa hasi, uilishe kwa pauabenki. Amplifaya iendelee kutumia betri yake. Waya za sauti ziache kama zilivyo. Mluzi ukipotea, umethibitisha kwamba tatizo ni kugawana umeme. Usitumie chaja ya ukutani kwa jaribio hili, maana inaweza kuleta kelele yake na kukuchanganya.

Baada ya hapo, anza na tiba isiyogharimu kitu. Kila bodi iwe na nyaya zake mbili, chanya na hasi, zinazokwenda moja kwa moja hadi kwenye vichwa vya betri, au hadi kwenye swichi na pale pa kukutania palipo karibu kabisa na betri. Usichukue umeme wa Bluetooth kutoka mgongoni mwa amplifaya. Nyaya za amplifaya ziwe nene na fupi. Chanya na hasi za kila bodi zisokotwe pamoja kama kamba. Waya za sauti zipite upande mwingine wa kasha, mbali na nyaya za betri na za spika, na ziwe zile zenye wavu wa shaba unaozunguka waya wa ndani. Maungio yote yalehemiwe. Waya uliosokotwa na kufungwa kwa selotepu ni ukinzani unaokua kila siku, hasa kasha likishakuwa na vumbi na unyevu.

Spika nyingi hunyamaza hapo. Isiponyamaza, weka kapasita kwenye umeme wa bodi ya Bluetooth, karibu kabisa na bodi yenyewe: moja kubwa ya maikrofaradi 470 hadi 1,000, na nyingine ndogo ya maikrofaradi 0.1 pembeni yake. Kwa bodi ya volti 5 tumia kapasita iliyoandikwa volti 16; kwa betri ya volti 12 tumia ya volti 25. Kapasita kubwa ina upande wa hasi, umechorwa mstari ubavuni. Ukiigeuza itachemka na inaweza kupasuka, kwa hiyo angalia mara mbili. Unaweza kuongeza rezista ya omu 10 kwenye waya wa chanya kabla ya kapasita, nayo itazuia mapigo yasirudi kwenye betri. Rezista hiyo hula volti nusu bodi ikivuta miliampea 50, na bodi nyingi za Bluetooth zinavumilia.

Ikiwa bado mluzi upo, tenganisha umeme kabisa. Kuna njia tatu, na kila moja ina ubaya wake. Ya kwanza ni kuipa Bluetooth seli yake ya lithiamu, peke yake, yenye bodi yake ya kuchajia. Sauti inakuwa safi sana, ila sasa una betri mbili za kuchaji, na moja itakwisha katikati ya mkutano. Ya pili ni kifaa kidogo chenye miguu minne kinachoandikwa B0505S-1W. Kinapokea volti 5 na kutoa volti 5 zilizotenganishwa, yaani upande wa kuingilia na wa kutokea havigusani kwa waya wowote. Kinatoa hadi miliampea 200, zinazotosha Bluetooth, ingawa flashi kubwa inaweza kukilemea. Ukikitumia, hasi ya bodi ya Bluetooth isiguse tena hasi ya betri popote. Zikutane kupitia grauni ya waya wa sauti tu. Hata tundu la flashi likigusa chuma cha kasha, kazi yako yote imepotea bure.

Njia ya tatu wanaijua mafundi wa redio za magari: kikopo kidogo chenye transfoma mbili ndani, kinachowekwa kwenye waya wa sauti. Sauti inapita kwa sumaku, grauni haipiti. Ni rahisi kufunga kuliko zote. Vile vya bei ya chini hupunguza besi, kwa hiyo kwa mazungumzo ni sawa, kwa anayependa muziki wa kutikisa madirisha havitamfurahisha.

Mimi ningependelea ya pili, kwa sababu ukishaifunga hakuna anayelazimika kuikumbuka.

Waya wa hasi wa spika si grauni

Hapa wengi wanaunguza bodi, kwa hiyo nilitaje peke yake. Katika redio nyingi za zamani, waya mmoja wa spika uliunganishwa na grauni, na spika ya kushoto na ya kulia ziliweza kugawana waya huo. Bodi ndogo za kisasa, kama zile zenye chipu ya PAM8403 au TPA3110, haziko hivyo. Waya zote mbili za kila spika zinabeba umeme wa sauti. Ukiunganisha hasi ya spika ya kushoto na ya kulia ili kuokoa waya, au ukiigusisha na grauni au chuma cha kasha, utapata sauti iliyopasuka, joto, na mara nyingi bodi iliyokufa. Spika mbili, nyaya nne.

Angalia pia volti. PAM8403 ni ya volti 5, na mwisho wake ni 5.5, hiyo haiungwi kwenye betri ya volti 12 hata kwa dakika moja. TPA3110 inataka kuanzia volti 8 hadi 26.

Mvuo wa “shiii” usiobadilika

Huu ni kama mvua ya mbali juu ya bati. Haubadiliki Bluetooth inapofanya kazi. Kila amplifaya inao kidogo, na ukiusikia tu pale unapoweka sikio kwenye spika, uache. Ukisikika hadi upande wa pili wa chumba, ujue amplifaya imewekwa kukuza kupita kiasi. Watu wengi huweka sauti ya simu chini na ya amplifaya juu kabisa. Geuza: simu iwe karibu na mwisho, kitufe cha amplifaya kishushwe hadi sauti ikutoshe. Muziki utabaki na nguvu ileile, mvuo utapungua.

Mvumo wakati wa kuchaji

Spika ikiwa kimya kwa betri na kuanza kuvuma pale tu unapochomeka chaja, mhusika ni chaja. Umeme wa TANESCO hubadilika mara 50 kwa sekunde, na chaja duni hupitisha masalia ya mvumo huo pamoja na kelele ya kazi yake yenyewe. Jawabu la haraka ni kuchaji kwanza, kusikiliza baadaye. Ukitaka vyote kwa pamoja, jaribu chaja nyingine yenye ubora, na usiunganishe spika kwa waya na televisheni au kompyuta iliyochomekwa ukutani kwa wakati huohuo, kwani hapo unafunga mzunguko mwingine wa grauni kupitia nyumba nzima.

Ukigusa chuma cha spika inayochajiwa ukahisi kitu kinakuchezea vidole, chomoa chaja na uache kuitumia mpaka fundi aipime. Watu hulizoea jambo hili na kulifanyia mzaha. Chaja iliyoharibika ndani inaweza kuleta volti 230 kwenye chuma hicho.

Kwa wanaochaji kwa sola, kelele inayokuja jua likiwaka na kutoweka jioni hutoka kwenye kidhibiti cha sola, ambacho hukata na kuunga umeme wa paneli mara nyingi kwa sekunde. Kuhakikisha, chomoa paneli, usichomoe betri: kidhibiti hakipendi kubaki na paneli bila betri. Kelele ikinyamaza, sogeza kidhibiti mbali na spika.

“Trrr-ti-ti-trrr” kabla ya simu kuita

Kila mtu anaijua hii. Simu inayotumia mtandao wa 2G hairushi mawimbi mfululizo. Hurusha kwa vipande, 217 kwa sekunde, na kila waya mrefu ndani ya kasha lako ni antena ndogo inayovipokea. Kadiri simu ilivyo mbali na mnara, ndivyo inavyoongeza nguvu ya kurusha, kwa hiyo kelele hii huwa kali zaidi vijijini kuliko mjini.

Mara nyingi mkosaji si simu inayopiga wimbo. Ni kitochi cha mtu mwingine kilichowekwa juu ya kasha. Kisogeze mita moja au zaidi. Kisha fupisha waya za sauti na utumie zile zenye wavu, kama tulivyosema. Bluetooth yenyewe inafika mita kadhaa, kwa hiyo hata simu ya muziki haina sababu ya kulala juu ya spika.

Betri inapochoka

Betri ikiisha nguvu, spika hupiga “put-put-put” kama pikipiki inayozembea. Besi inapovuta umeme mwingi, volti inashuka, amplifaya inajizima, volti inarudi, inajiwasha, na mzunguko unaendelea. Katika umbo jingine, spika hukata ghafla kwenye besi nzito, kisha yule mama wa Bluetooth anasema tena kwa Kiingereza kwamba yuko tayari kuunganishwa. Kabla hujamlaumu, pima volti za betri wakati muziki unapiga, si wakati spika imezimwa. Betri ya risasi ya volti 12 ikishuka chini ya volti 11 ikiwa na mzigo, ichaji. Ikishuka hivyo saa moja tu baada ya kujaa, imezeeka.

Kapasita ya maikrofaradi 2,200 ya volti 25, ikiwekwa kwenye milango ya umeme ya amplifaya, husaidia besi. Haifufui betri iliyokufa.

Wanaotumia bodi ya kupandisha volti, kwa mfano kutoka seli moja ya volti 3.7 hadi volti 12, watapata mluzi unaokua sauti inapoongezeka. Bodi hizo zina kelele kwa asili yake. Ni afadhali kufunga seli tatu kwa mfuatano kuliko kuibebesha seli moja mzigo wa tatu.

Na hapo lazima nizungumzie usalama. Seli za laptop, zile za mviringo zenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, hujaa kwenye volti 4.2. Seli tatu kwa mfuatano hujaa kwenye volti 12.6. Chaja ya betri ya risasi hupandisha hadi volti 14 na zaidi, na paneli ya sola ya “volti 12” hutoa volti nyingi zaidi ya hizo juani. Ukiziunganisha moja kwa moja na seli za lithiamu, unatengeneza moto. Weka bodi ya kulinda betri inayolingana na idadi ya seli zako, na chaja ya lithiamu. Usichanganye seli za umri tofauti. Usilehemu juu ya seli kwa muda mrefu, joto linaiua ndani. Seli iliyovimba, iliyotoboka au iliyopata kutu isirudi kwenye kasha, wala isitupwe kwenye jalala linalochomwa. Na kama bodi ya kulinda inakata kwenye besi, usiiruke kwa waya ili “spika isizime”. Inakata kwa sababu unaidai betri kuliko uwezo wake. Punguza sauti au ongeza seli.

Wakati mwingine si umeme kabisa

Kama kelele inakuja kwenye noti fulani tu, hasa besi, inaweza kuwa ni kasha linalotikisika. Bonyeza pande za kasha kwa kiganja wimbo ukiwa unapiga. Ikinyamaza, kaza skrubu, ziba nyufa kwa gundi, na funga nyaya za ndani zisipigepige ubao. Tazama pia kitambaa au karatasi ya spika: mpasuko mdogo hufanya sauti ya kukwaruza. Zima spika, sukuma karatasi yake taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, sawasawa kila upande. Ukihisi inakwaruza ndani, koili imepinda au imeungua, na hapo ni kubadilisha spika.

Kelele kwenye FM tu

Ikiwa Bluetooth na flashi ni safi lakini redio ya bodi hiyohiyo inachachatika, tatizo liko kwenye mawimbi. Kwanza, antena. Bodi nyingi huja na kipande kifupi cha waya, na wajenzi hukikunja ndani ya kasha, pembeni ya bodi za umeme zinazorusha kelele. Toa waya wa urefu wa sentimita 75 nje ya kasha na uunyooshe juu. Huo ni robo ya urefu wa wimbi katika masafa ya megahezi 100.

Pili, majirani wa umeme. Taa za LED za bei ndogo, kidhibiti cha sola na chaja za simu huvuruga FM kwa mita kadhaa. Beba spika ikiwa inapiga kwa betri hadi katikati ya shamba, mbali na nyumba. Kama redio inasafika ukiwa huko, rudi na uzime kifaa kimoja kimoja mpaka umpate mkorofi.

Kama hata shambani bado inachachatika, ni mlima. Meru ina urefu wa zaidi ya mita 4,500, na mawimbi ya FM hayazunguki mlima vizuri. Vijiji vya upande wa kaskazini, kama vile Ngarenanyuki, hukaa kwenye kivuli cha minara iliyo upande wa mjini. Hapo hakuna kapasita itakayosaidia. Funga waya wa antena kwenye mti au mwanzi mrefu nje ya nyumba, ushushe hadi kwenye spika, na utafute sehemu bora kwa kusogea hatua moja moja: wakati mwingine mita mbili tu kutoka ukutani zinatosha kubadilisha mchachato kuwa sauti.